Mwongozo kamili: kutegua siri za hadithi za kutisha za kusikiza, vile tunavyofanya sisi Mombasa

Haya wapenzi wa hadithi, hili swali nimeulizwa mara nyingi na kila mara najibu nusu nusu kwa voisi nikiwa ndani ya matatu, leo nimekaa chini niliandike lote. Swali lenyewe ni: nyinyi mwajuaje? Yaani mwasikiza podikasti ile ile tunayosikiza sisi, mkifika episodi ya kumi mshaanza kusema huyu si mtu, yule alishakufa kitambo, na kuna siku yatokea kweli. Si kipaji wala si uganga. Ni kazi, na yaweza kufundishwa.

Sisi tuko sita. Twakutana kwa shangazi yangu Mji wa Kale, darini, madirisha wazi kwa ajili ya joto, chupa ya kahawa ya tangawizi katikati na kashata kwenye sahani, kila mtu na hedifoni zake. Twasikiza pamoja, kila mmoja kwa simu yake, twahesabu moja mbili tatu twabonyeza, alafu ikiisha ndo mabishano yanaanza.

Kabla ya hatua zenyewe shika jambo moja, manake yote yaliyobaki yanatoka hapo. Hadithi ya kusikiza haina picha. Kwenye filamu mlango utauona nyuma ya mtu kwa sababu nyumba ina milango, basi, hauna maana yoyote. Kwenye sauti mlango ukilia kuna mtu alikaa akautafuta huo mlio, akaupima, akauweka hapo. Kwa hivyo nadharia yako ianze na ulichosikia, sio na ulichohisi, na imalizikie mahali ambapo waweza kusema "nikisikia kitu fulani mbele, basi nimekosea". Nadharia isoweza kukosea haina kazi, hata iwe tamu vipi.

Mfano wangu wote utakuwa The Magnus Archives ya Uingereza, kwa sababu imekwisha, yapatikana bure, na ukubwa wake watosha kufundishia: episodi 200, sizoni 5 za episodi 40 kila moja, kuanzia 24 Machi 2016 mpaka 25 Machi 2021, mwandishi ni Jonathan Sims na kampuni ni Rusty Quill. Kwa ufupi kabisa, kuna makavazi London ambako watu hupeleka taarifa za mambo ya ajabu yaliyowapata, na mkuu mpya wa makavazi anazisoma moja moja kwenye kaseti. Ntagusa episodi za mwanzo tu, sitaki kumharibia mtu.

Mara ya kwanza, sikiza tu

Usiandike kitu. Wengi wanakosea hapa, wanaingia na kalamu mkononi kama wako mtihani, na hofu inawapita. Hofu ni sehemu ya ushahidi, pale ulipoogopa bila kujua kwa nini ndipo mtengenezaji alipoweka kitu, utarudi hapo baadaye.

Daunilodi mapema ukiwa mahali pana waifai, episodi ni kama nusu saa hivi, bando halitakuumiza. Spidi iwe ya kawaida. Najua watu wamezoea kuongeza spidi mara moja na nusu ili wamalize haraka, lakini kwenye hizi hadithi kimya nacho kinasema kitu, mtu akichelewa kujibu sekunde mbili ile sekunde ya pili ndo habari yenyewe, ukiikata umekata neno. Na usisikize feri ya Likoni wala kwenye tuktuk, nlijaribu, nkafika nyumbani najua hadithi nzima na sijui hata mlio mmoja.

Jambo jingine dogo: usisome maelezo ya chini ya episodi wala usikae kwenye orodha ya waigizaji mwishoni mpaka uwe umemaliza. Orodha yaweza kutaja jina ambalo hadithi bado imelificha, na yale maonyo ya yanayotisha ndani, wadudu, moto, kubanwa mahali padogo, yakwambia mbele kile unachotakiwa ukione gizani mwenyewe.

Mara ya pili, na daftari

Sasa kalamu. Daftari la kawaida la shule latosha, la kurasa 96, gawa kurasa kwa majina, mahali, vitu, tarehe na sauti. Kila unachoandika weka namba ya episodi na dakika. Usiandike "yule mtu wa kitabu", andika episodi ya 4, dakika fulani, kitabu chenye kibandiko cha maktaba ya Jurgen Leitner. Manake hilo jina halitokei mara moja likaisha. Ukiliandika siku ya kwanza, siku litakapotajwa tena na mtu mwingine kabisa, mji mwingine, utaruka kwenye kiti, na asiyeandika atapita tu.

Majina yenyewe ni taabu kwa masikio yetu, tuseme ukweli. Kiingereza cha shuleni kwetu na kile cha London ni vitu viwili, na akija Mskoti hapo ndo kabisa. Kwenye daftari la kwanza la kikundi kuna "Laitna", kuna "Lightner" na kuna "Leitner", na kwa wiki tatu mmoja wetu alikuwa akidai hao ni ndugu. Suluhisho ni maandishi rasmi ya episodi, Rusty Quill wameyatoa, lakini yafungue baada ya kusikiza mara mbili, sio kabla. Ukisoma kwanza, sikio linalala.

Tarehe, na hapa nataka ukae kidogo

Hii ndo hatua iliyotupa matunda kuliko zote. Hadithi za aina hii hazikuji kwa mpangilio. Kila taarifa ina siku tatu: siku jambo lilipotokea, siku mtu alipokwenda kulieleza, na siku liliposomwa kwenye kaseti. Taarifa ya episodi ya kwanza kabisa ilitolewa 22 Aprili 2012, jambo lenyewe lilitangulia, na anayeisoma anaisoma miaka baadaye akiwa ndo kwanza ameshika kazi. Ukizichanganya hizo siku tatu, umekwisha.

Tulichofanya, tulichukua kalenda za ukutani za maduka, zile za mwaka uliopita, tukaunga karatasi kwa nyuma kwa selotepu, tukapata ukanda wa karatasi kutoka mlangoni mpaka kwenye kabati la shangazi. Juu siku za matukio, katikati siku za taarifa, chini siku za kusoma. Alafu unaunga kwa kalamu. Ukiunga unaanza kuona mapengo, mbona miaka hii miwili hakuna mtu aliyekuja kusema kitu? Mbona watu watatu wasiojuana wametaja mtaa mmoja ndani ya mwezi mmoja? Hayo mapengo na hiyo misongamano ndo maswali yako. Usitafute jibu kwanza, tafuta swali zuri.

Na kuna kitu chawahusu Waswahili peke yao, hutakipata kwenye mwongozo wa Mzungu. Saa. Mtu kwenye hadithi akisema kwa Kiingereza saa mbili za usiku wa manane, yaani masaa mawili baada ya kati ya usiku, kwetu hiyo ni saa nane. Kuna mwenzetu aliandika "saa mbili usiku" kama ilivyotua kichwani, mwingine akaja akaisoma kwa Kiswahili, kwamba ni baada ya Isha, watu bado wako nje wanakula viazi karai. Nadharia nzima ikajengwa juu yake, kwamba lazima kulikuwa na mashahidi barabarani. Tulipoteza Jumamosi mbili. Tangu siku hiyo kwenye daftari saa zote twaandika kwa tarakimu, 02:00, na hakuna ruhusa ya maneno. Siku pia hivyo hivyo. Usiku wa Alhamisi wa Waingereza kwetu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na bibi yangu atakwambia ni usiku wa Ijumaa kabisa na kesi imekwisha. Andika tarehe, acha jina la siku.

Sauti

Watoto wa leo hawajui kaseti, lakini sisi tuliokulia nyumba zenye kaseti za taarabu twajua ile rekoda ikibonyezwa ina "tak" yake, na mkanda ukichoka sauti inavutika kama mtu mwenye usingizi. Sasa kwenye The Magnus Archives hiyo rekoda haikuwekwa kwa urembo. Episodi ya kwanza tu msomaji anaeleza kwamba kuna taarifa akijaribu kuzirekodi kwa kompyuta zaharibika, sauti yakwaruza, ndo akarudi kwenye kaseti. Msikilizaji wa haraka anasema aa, wametaka mazingira ya kizamani. Wewe andika: kwa nini baadhi tu na si zote? Taarifa zipi zakataa kompyuta, na zina nini wenzao hawana? Liache hilo swali wazi kwenye ukurasa wake, uendelee.

Kwenye ukurasa wa sauti gawa hivi. Kuna sauti ambazo watu wa ndani ya hadithi wanazisikia, yaani mlango, simu, mtu anabisha. Kuna sauti za sisi tu, kama muziki. Alafu kuna zile ambazo hujui ziko upande gani, na hizo ndo dhahabu, kwa sababu sauti isiyo na mwenyewe yamaanisha kuna kitu chumbani hakijatajwa. Ikitokea mara moja, weka alama. Mara tatu na kila mara mtu yule yule yupo, hapo umepata.

Lakini thibitisha. Nlishawahi kusikia mtu agonga, taratibu sana, kama kwa ukucha, katikati ya taarifa fulani. Nkawaamsha watu kwa simu. Nkaandika kurasa mbili. Mwenzangu mmoja akasikiza dakika ile ile hakusikia kitu, wa pili pia hakusikia, na mimi kila nikirudia nasikia. Mpaka shangazi akanitizama, akaja akashika waya wa hedifoni akausogeza: ulikuwa unagusa pini ya mtandio wangu, nikivuta pumzi unagonga. Kurasa mbili zote nkazifuta. Kwa hivyo sheria ya kikundi ni kwamba sauti haingii daftarini mpaka isikike na watu wawili kwenye simu mbili tofauti, na mmoja awe hajaambiwa asikize nini. Mwambie dakika tu. Ukimwambia "sikiza pana mtu agonga" atasikia agonga, masikio ni mepesi kushawishika.

Kuhusu sauti za waigizaji, hapa watu wanajikwaa sana. Sizoni ya kwanza msomaji ni mmoja kwa taarifa karibu zote, basi sauti ya mzee na ya kijana zikifanana si ushahidi kwamba ni mtu mmoja, ni msomaji yule yule. Lakini chukua ile iliyofuata, The Magnus Protocol, iliyoanza Januari 2024. Mle kuna kompyuta ya ofisi inayosoma kesi kwa sauti za watu tofauti, na mbili kati ya sauti hizo zimefanywa na Jonathan Sims na Alexander J. Newall, waliokuwa ndani ya ile ya kwanza pia. Hapo waigizaji ni wengi, wangeweza kumchukua yeyote. Jiulize hilo tu kila mara: wangeweza kumchukua mwingine? Kama wangeweza na hawakufanya, andika. Kama hawakuwa na mwingine, pita.

Usilete majini ya kwenu

Hii hatua ni ya Pwani hasa, na naiandika kwa mapenzi.

Episodi ya kwanza. Mwanafunzi wa Edinburgh, kalewa, anarudi usiku, kwenye kichochoro kimoja kinaitwa Old Fishmarket Close, gizani amesimama mtu yuwaomba sigara. Anaomba tena, vile vile. Na miguu yake kama haigusi chini.

Sasa mwambie mtu wa Mombasa "miguu". Sote sita tulisema kwa pamoja, jini. Sisi tumekua na yule mwanamke mzuri wa usiku, ukiinamisha macho waona kwato za punda. Tumekua twaambiwa ukiitwa usiku usiitike. Tulishamaliza kesi kabla ya kahawa kupoa, na nadharia yetu ya kwanza ikawa kwamba ni jini, na anayeitika huchukuliwa kwa sababu ameitika.

Shida ni kwamba hizo ni sheria za bibi zetu, si za hadithi ile. Mwandishi wa London hajui kwato za punda. Kila hadithi ya kutisha ina sheria zake na kazi yako ni kuzikusanya kutoka mle mle ndani: kitisho chaja lini, chataka nini, chaweza nini, na muhimu zaidi hakiwezi nini. Anza na hakiwezi. Kile cha kichochoroni hakikumfuata. Hakikubadilisha maneno. Hakikutoka kwenye giza. Andika hivyo vitatu.

Alafu ndo utumie unachokijua, kama kinafungua. Jina la episodi ni "Anglerfish", yule samaki wa kilindini mwenye kitaa kinachoning'inia mbele ya mdomo. Mmoja wetu babake ni mvuvi wa usiku, wa karabai, na alipojua jina lile maana yake akanyamaza kidogo kisha akasema: taa si mvuvi. Dagaa waja kwenye mwanga, wafikiri mwanga ndo wenyewe, na mvuvi amekaa nyuma yake kwenye giza na wavu. Hapo darini pakawa kimya kabisa. Yule mwomba sigara si mwindaji, ni chambo.

Waona tofauti? Jini tulilileta sisi tukalibandika. Karabai ilitoka kwetu pia, lakini imefungua kitu kilichowekwa mle na mwandishi mwenyewe, kwenye jina, na hata kwenye jina la mtaa, soko la samaki la zamani.

Kuiandika nadharia

Sasa iandike, na iandike fupi. Twatumia karatasi moja. Juu sentensi moja: anayeomba sigara ni chambo cha kitu kingine. Chini yake ushahidi, na ushahidi ni vitu vya kuonyesha dakika, sio "nahisi": jina la episodi, maneno yanayorudiwa bila kubadilika, miguu. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, kitakachoivunja: ikija episodi ambayo kitu hicho kinajibu swali jipya, au chatembea peke yake mchana, nadharia imekufa.

Hiyo sehemu nyekundu watu hawaitaki kabisa. Kuna kaka mmoja, kikundini kwetu, mwerevu sana, nadharia zake zilikuwa kila kikitokea kitu zinakua, kikija kinyume zinakua zaidi, mpaka kila mtu kwenye hadithi akawa ni mtu mmoja anayejificha. Tulimwomba kwa heshima aandike mstari mwekundu mmoja tu. Alikaa siku nne. Aliporudi, nadharia imekuwa ndogo nusu, na ndo ile ambayo mpaka leo twaitumia.

Pia pima nadharia kwa ulazima wake. Ukiitoa, ni vitu vingapi vyabaki bila maelezo? Kama ni kimoja, huenda ni kosa la studio. Kama ni vitano, endelea nayo. Na mbili zikieleza sawa sawa, chukua ile yenye mambo machache ya kudhania.

Alafu kunja karatasi, andika nje namba ya episodi mliyofikia na tarehe, tia kwenye mkebe. Wetu ni mkebe wa biskuti, wakaa juu ya kabati. Usiufungue mpaka sizoni iishe. Watu wakishasikia jibu hukumbuka kwamba walilijua, na ukweli ni kwamba hawakulijua, karatasi ndo yakumbuka.

Kubishana na watu

Anayepinga nadharia ya mwenzake lazima kwanza airudie vizuri mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, hiyo". Hii imetuokoa ugomvi mwingi. Wakubwa wapo, shangazi ana miaka sitini na kitu, naye akikosea anaambiwa, lakini anaambiwa "shangazi, naomba turudi dakika ya kumi na mbili", si vinginevyo.

Aliye mbele kwa episodi hakai kwenye mjadala. Hata akinyamaza, uso wasema. Tulikuwa na mmoja amemaliza zote, akaahidi hatosema neno, na hakusema, ila kila tukikaribia alikuwa anachukua kashata. Siku hizi aliyemaliza anapewa kazi ya kuhakiki tarehe, yuko chumba cha pili. Ukituma kwenye WhatsApp, namba ya episodi mwanzo wa ujumbe, mistari kadhaa mitupu, ndo ufunguke. Voisi ya spoila, yaani ya kufichua yajayo, ni mwiko kabisa, mtu hawezi kuiruka asiyoijua.

Na tafadhali, msiwafuate waigizaji na waandishi kuwabana mitandaoni wathibitishe nadharia zenu. Ni watu, wana kazi, na wakijibu watakunyima utamu wote. Kilicho ndani ya episodi ndo ushahidi. Alichosema mwandishi nje kwenye mahojiano kiweke ukurasa wake peke yake, nyuma ya daftari.

Ikivunjika, na ikiisha

Nadharia ikivunjwa usiing'oe kwenye daftari. Piga mstari mmoja katikati, isomeke bado, andika pembeni episodi iliyoivunja na kwa neno gani. Mara nyingi sentensi ya juu ndo imekufa, ule ushahidi wa chini uko hai na wahitaji sentensi nyingine. Tatu kati ya nadharia zetu bora zimejengwa kwa matofali ya zile zilizokufa.

Kuna maswali hayatajibiwa hata ifike episodi ya mwisho. Usilazimishe. Yaachie ukurasa, yana haki ya kukaa.

Siku mkimaliza zote, rudini episodi ya kwanza na daftari lile lile, wino wa rangi nyingine. Sisi tulitumia kijani. Tulisikiza usiku, shangazi alizima taa mwenyewe, na ukurasa wa kwanza ambao mwanzo ulikuwa na mistari saba ulijaa mpaka pembeni, hata pale kwenye ile sababu ya kaseti tulipoacha swali tupu.